Askari wa Ngamia Niliowauza

Hodan, binti yangu,

Mama yako amekuchukua mkawaage majirani, na kwa jinsi ninavyoijua bulla yetu, mtaa huu wa Garissa, kila nyumba itawakalisha chini kwa chai. Nina muda wa kutosha kuandika kabla hamjarudi. Mambo ya chakula, ya simu, ya watu wa kukaa nao huko Eldoret na wa kuwakwepa, yote ameshakuambia yeye, tena kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Siyarudii.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachojua kukiandika. Kisomali nimezaliwa nacho, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kukiweka kwenye karatasi, na miaka yote hii ya kufundisha Kiswahili imenizoesha kufikiri nikiwa na kalamu mkononi. Nikianza kusikika kama niko darasani, nivumilie.

Juzi uliniuliza swali. Ulikuwa umeketi barazani na simu yako, ukanionyesha picha za wale askari wadogo wa kuchezea, wale wa historia, seti baada ya seti. Ukasema, "Aabo, huko chuoni nataka kuanza tena. Lakini kwa pesa ya mwanafunzi nitaweza seti moja tu. Nianze na ipi?"

Nikakuambia nitafikiria. Ukacheka, ukasema mimi kila kitu hufikiria. Kwa miaka tisa hukugusa hata askari mmoja, na mimi sikuwahi kukuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua.

Jibu fupi ni hili. Kwa pesa kidogo, chagua plastiki, uache wa madini. Shika kimo kimoja usikiache, hata ukiona mwingine anayekuvutia, kwa maana askari wa vimo tofauti hawasimami pamoja. Mmoja ataonekana jitu na mwenzake mtoto. Wanunue bila rangi upake mwenyewe. Ni nafuu, na utamjua kila mmoja uso wake. Na kabla ya kununua wa kwanza, jua seti nzima ina wangapi, kwa sababu wauzaji hawa hukupa wa kwanza kwa bei ya huruma na wa mwisho kwa bei ya kukukomoa.

Jibu refu siwezi kukupa bila kupita kwa babu yako, Awowe. Na kupita kwa Awowe ni kusema jambo ambalo nimelikwepa miaka yote hii, nikiwa naishi nyumba moja na wewe, nakula nawe sahani moja.

Unakumbuka tulivyompata yule wa kwanza? Ulikuwa na miaka saba. Tulikwenda sokoni kutafuta viatu vya shule, na kwenye rundo la vitu vya kuchezea vya mitumba, katikati ya magari yasiyo na magurudumu, ukachomoa ngamia wa madini, mzito, na juu yake askari mwenye kilemba chekundu. Mguu mmoja wa ngamia ulikuwa umepinda. Muuzaji mwenyewe hakujua ameuza nini. "Chukua tu, mwalimu," alisema. "Hiyo hata betri haina."

Nilifurahi kuliko wewe. Nilipokuwa mtoto kule Griftu nilikuwa nafinyanga askari wa udongo karibu na kisima, nawaanika juu ya jiwe, na kila mara jua liliwapasua kabla sijawapanga mstari. Sasa nilikuwa na mmoja asiyepasuka. Nikauliza huku na huku mpaka nikampata mtu mmoja Nairobi anayeuza vitu hivyo. Akaniambia ni seti ya watu sita, askari wa ngamia wa enzi ya ukoloni, wa nchi hizi hizi zetu za kaskazini. Kwa miaka miwili tulifikisha wanne, wawili juu ya ngamia na wawili wa miguu. Walibaki mpiga tarumbeta na ofisa wa Kizungu, nao walikuwa ghali mno. Wewe ulisema tarumbeta utaivumilia kuikosa, na ofisa humhitaji.

Pembeni nilikuwa na seti yangu mwenyewe, ya plastiki, wapanda farasi wa Kiislamu wa zile karne za kupigania Baitul Maqdis. Seti nzima ni kumi na wawili. Hao niliwanunua kidogo kidogo, nikiwapenda kwa sababu walikuwa wanaelekea kukamilika.

Baba yangu, Awowe yako, alikuwa anaishi nasi kile chumba cha mbele. Sisi watoto wake tulijua kwamba ujanani alikuwa askari wa ngamia wa serikali ya kikoloni, na kwamba siku moja aliacha kazi akarudi kwa mifugo. Kwa nini aliacha, hakuna aliyejua. Ukimuuliza alikuwa anaangalia pembeni kama mtu aliyesikia mbuzi akilia.

Halafu ukampelekea yule askari wa kwanza. Alimshika karibu na dirisha, akamgeuzageuza.

"Nani amemfunga huyu kilemba?"

"Ametengenezwa hivyo, Awowe."

"Basi aliyemtengeneza hajawahi kupanda ngamia kwenye upepo. Hiki kinafunguka."

Ulicheka, na yeye akacheka, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia baba yangu akizungumzia kazi yake.

Ulipofika miaka tisa, akili yake ilianza kuondoka. Iliondoka taratibu. Alinisahau mimi kabla yako. Lakini kila siku baada ya alasiri alitaka wale askari wanne wapangwe kwenye ukingo wa mkeka wake. Wale wawili wa miguu aliwapa majina, Kuusow na Bishaar. Mmoja wa juu ya ngamia alisema ni yeye mwenyewe. Alikuwa akijaza maji kwenye kifuniko cha chupa, anakiweka mbele ya wale wawili, halafu anakuuliza, "Wamekunywa?" Wewe unamjibu, "Wamekunywa, Awowe." Ndipo naye anakunywa chai yake.

Siku moja ulimuuliza hao ni kina nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi. Hamkuniona.

Akasema, "Tulikuwa watatu. Tunatoka upande wa Elwak na ngamia wawili, na mmoja akafa. Kuusow akashikwa na homa, hawezi kutembea. Bishaar akasema atabaki naye. Nikawaachia maji nikapanda ngamia kwenda kutafuta watu. Niliwaambia kesho jioni nitakuwa nimefika. Nilirudi siku ya nne."

"Ukawakuta?"

"Niliukuta mti."

Ulimsogezea kikombe chake. Mimi niliondoka pale mlangoni kwa kunyata, na nitakuambia nilichohisi, kwa sababu leo nimeamua kutoficha hata kile kinachonitia aibu. Sikuhisi huruma. Nilihisi wivu. Baba yangu aliishi na mti ule kichwani zaidi ya miaka hamsini, mimi mwanawe wa kwanza sikuambiwa, na sasa ameambiwa mtoto anayevaa sare za shule.

Mwaka ule mvua zilikosekana, na mshahara wangu ulikuwa unalisha nyumba tatu. Nikasema lazima tuchague seti moja tuiendeleze, nyingine tuiache. Tulikaa kwenye mkeka wewe na mimi, tukawapanga wote, wa ngamia upande huu, wa farasi upande ule.

"Wapanda farasi wamebaki watatu tu watimie," nikakuambia. "Hawa wa ngamia hatutawamaliza kamwe."

"Si lazima tuwamalize."

"Kukusanya ni kumaliza, Hodan."

"Awowe hajali kama hawajaisha," ulisema. "Anawajua hawa."

Nikasema tutafikiria. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Nilijiambia namsaidia mzee asikae na mambo ya huzuni. Nilijiambia pia kwamba Eddo Shukri, dada yangu, alikuwa na haki alipolalamika kwamba nyumba yangu imejaa sanamu na sasa baba anazungumza nazo. Dini niliitafuta siku hiyo kwa sababu ilinifaa. Wapanda farasi wangu hawakunisumbua kwa dini. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja katika maisha yangu kikamilike, na nilitaka wale wawili waliopewa majina waondoke nyumbani kwangu.

Niliwasiliana na yule mtu wa Nairobi. Alikubali kuwachukua wale wanne, anipe watatu wa farasi waliobaki. Niliwafunga asubuhi moja ukiwa shuleni, kila mmoja na kipande chake cha gazeti. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi nusu. Nilidhani baba amelala.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, Aabo."

Akasema, "Wafunike vizuri. Huko usiku kuna baridi."

Mpaka leo sijui aliona nini kupitia ule mlango. Niliendelea kufunga. Nikapeleka kifurushi kwenye basi.

Alasiri ile ile alianza kuwauliza. Ulirudi shuleni ukamkuta anapapasa ukingo wa mkeka. Ukaja kwangu nikisahihisha insha.

"Aabo, askari wa Awowe wako wapi?"

Nikakuambia nimewapeleka kubadilisha. Machozi yalikujaa, lakini hukulia. Ukasema, "Sasa nimwambie nini?"

Hapa, Hodan, soma polepole. Nilikuambia, "Mwambie wameenda Modogashe. Watarudi." Ni mimi niliyesema. Jina hilo lilinijia kwa sababu mchana ule mwalimu mwenzangu alikuwa amepata uhamisho wa kwenda huko, na lilikuwa bado kichwani. Hakuna sababu nyingine. Ningeweza kusema Isiolo. Ningeweza kusema ukweli. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi aliyetumwa na baba yake, ukaenda ukasema ulichotumwa.

Alitulia. Kwa siku tano alikaa akingoja, na mimi nikajisifu kwamba nimemtuliza. Kila alasiri ulikuwa unamrudia, "Wako Modogashe, Awowe." Siku ya sita aliomba viatu vyake. Hooyo, mama yako, alidhani anataka kwenda msikitini, akamfungia kamba. Baadaye Hooyo akaingia jikoni, mimi nilikuwa shuleni, wewe ulikuwa shuleni, na mzee akachukua bakora yake na kile kidumu kidogo cha njano cha maji akatoka.

Mambo ya siku zile mbili unayajua kama mtoto anavyojua, kwa kusikia minong'ono. Nikuambie yote. Alitembea mpaka barabara kuu. Dereva wa lori lililoleta mbuzi, likirudi tupu, alimkuta amesimama, na mzee akamsalimia vizuri sana, kwa salamu ndefu za wazee. Alipomuuliza anakwenda wapi, akasema anawafuata wenzake Modogashe. Hakuonekana kuchanganyikiwa. Dereva akampa kiti cha mbele kwa heshima, wakaenda.

Mimi nilizunguka Garissa nzima mpaka jua likazama, kwanza mtoni, kwa sababu nilihofia mto. Kesho yake ndipo nikasikia habari za lori, nikaenda. Pale Modogashe mama mmoja wa hoteli ya chai aliniambia, "Mwalimu, mzee yako amebita hapa jana. Amekunywa chai. Mimi nimesema, mzee kaa kifulini, jua ni kali. Amesema hapana, kuna watu wananingoja." Akanionyesha kwa mkono alikoelekea. Huko hapakuwa na njia.

Wachungaji wa ngamia walimpata asubuhi iliyofuata, chini ya mgunga, mbali kiasi ambacho hakuna aliyeamini mzee wa umri ule angefika kwa miguu. Alikuwa amekaa, ameegemea shina. Kidumu kilikuwa kando yake, kimejaa, kifuniko kimekazwa.

Kijana aliyempata alinishika mkono akaniambia, "Huyu maji alikuwa nayo. Kwa nini hakunywa?"

Nilijua hayakuwa maji yake. Alikuwa amewapelekea.

Tulimzika huko huko siku hiyo hiyo. Nilimwingiza kaburini kwa mikono yangu, na nilipokuwa nimeinama mle ndani, nikisawazisha udongo chini ya kichwa chake, nilimsikia akiuliza kwa sauti yake ya kawaida ya alasiri, "Wako wapi wale wawili?" Najua si yeye aliyesema. Mimi ni mtu wa kuswali na kusoma, najua maiti hasemi. Nakuambia tu nilichosikia.

Siku ya tatu ya tazia, wageni wengi walikuwa wameondoka. Yule dereva alikuja kutoa pole. Alikuwa na majonzi ya kweli. Alijilaumu kwa kumbeba. Akakaa karibu na mlango akasimulia, na Eddo Shukri alikuwa nyuma ya pazia na Hooyo, akisikia kila neno. Dereva akasema, "Njia nzima alikuwa na furaha. Aliniambia mjukuu wake wa kike ndiye aliyempa habari kwamba wenzake wako Modogashe."

Mjukuu wa kike ndani ya nyumba alikuwa mmoja.

Eddo Shukri akakuita. Ulikuja umeshika sinia la vikombe.

"Ni wewe uliyemwambia baba yangu maneno hayo?"

"Ndiyo, Eddo."

Ukanitazama. Hukunitazama kama mtoto anayeomba atetewe. Ulinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi, kwa sababu uliamini nitaimalizia. Nilikuwa na chai mkononi. Nikanywa. Nikakiangalia kikombe.

"Mtoto na maneno yake," Eddo akasema, kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kofi. Hooyo akakuvuta ukaingia ndani. Dereva akaaga. Nami nikaendelea kukaa pale nikipokea pole za watu kama mtoto mwema wa marehemu.

Kila siku baada ya hapo ilikuwa ngumu zaidi kusema kuliko jana yake. Nilijiambia utasahau. Kisha nikaona ulivyokuwa ukitoka chumbani mzee yeyote akiingia. Nikaona kwamba ukiulizwa swali na mtu mzima, hata swali dogo la dukani, unanyamaza kwanza, unapima, ndipo unajibu. Walimu wako walikusifu kwa utulivu. Mimi nilijua utulivu ule umetoka wapi, na nilisaini ripoti zao bila neno.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ulikwenda peke yako kwa Eddo Shukri ukamwomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniambia, akasema, "Umelea vizuri." Nililala homa siku mbili.

Na ulipokuwa na miaka kumi na mitano ulinifungulia mlango mwenyewe. Tulikuwa tunarudi kutoka shuleni kwako, likizo, wewe na mimi tu, sanduku lako katikati yetu. Ukauliza ukiangalia mbele, "Aabo, lile neno la Modogashe nililitunga mwenyewe, au kuna mtu aliniambia? Mimi mwenyewe sikumbuki tena vizuri."

Nikasema, "Ulikuwa mdogo. Usijisumbue na hayo."

Lile la kwanza nililifanya kwa woga, mbele ya watu, nikiwa na msiba. Hili la pili sina la kujitetea nalo. Ulikuwa umeanza kutilia shaka kumbukumbu yako mwenyewe, kumbukumbu sahihi, na mimi nikakusaidia kuipoteza. Kama kuna dhambi yangu ninayoiogopa siku ya hesabu, ni hiyo ya njiani.

Wapanda farasi wangu walikamilika. Wote kumi na wawili. Wako kwenye lile sanduku la bati juu ya kabati, na sijawahi kuwapanga hata siku moja. Mwaka uliofuata nilimpigia yule mtu wa Nairobi nikimwomba wale wanne, kwa bei yoyote. Akasema walikwenda zamani, hakumbuki kwa nani. Nyumba hii unaijua ilivyo alasiri, joto limesimama, watu wamelala, kimya. Ndiyo saa anayokuja Awowe. Simwoni. Nasikia vidole vikipapasa ukingo wa mkeka, vikihesabu, vikifika kwa wale wawili na kuwakosa. Mara nyingine najikuta nimejibu kwa sauti, "Wamekunywa, Aabo," na Hooyo ananiuliza kutoka jikoni nazungumza na nani.

Sasa nirudi kwenye swali lako, kwa kuwa nililiahidi jibu. Ulinionyesha kwamba wale wa ngamia wametolewa upya, na nikaona kidole chako kilivyosimama hapo kabla hujaendelea. Kama ni hao unaowataka, wachukue, hata kama pesa itatosha wawili tu, hata mmoja. Seti isiyotimia haimdhuru mtu yeyote. Mimi nilikufundisha kwamba kukusanya ni kumaliza, na wewe ukiwa mtoto ulijua vingine, na wewe ndiye uliyekuwa sawa. Na kama hutaki hao, kama kuwaona kunakurudisha kwenye lile sinia la vikombe, chukua Warumi, chukua chochote, na usinieleze sababu.

Hooyo nimemwambia wiki iliyopita. Hakupiga kelele. Siku mbili aliniwekea chakula bila kuketi nami, halafu akaniuliza jambo moja tu, "Utamwambia lini?" Nikasema kabla hajaondoka. Akasema, "Basi hesabu siku."

Leo asubuhi nilikwenda kwa Eddo Shukri. Nilimkuta anapima maziwa ya wateja wake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa nitaomba chai na kuanza kuzungumza habari za mvua. Nikamwambia askari niliwauza mimi, neno la Modogashe nililitunga mimi, na mtoto nilimtuma mimi. Aliweka kibuyu chini.

"Alikuja hapa akapiga magoti," akasema. "Ana miaka kumi na mitatu. Nikamwambia nimekusamehe. Nilimsamehe nini, walaal, ndugu yangu?"

Akafunika maziwa yake, akauliza tena.

"Yeye anajua?"

"Atajua leo."

Akasema niondoke. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema kesho alfajiri atakuwa kituoni kwenye basi lako, si kwa ajili yangu, na kwamba hajui atasema nini lakini atakuwa amesimama hapo. Nakuambia mapema ili usishtuke ukimwona. Ukitaka kumpita, mpite. Hakuna atakayekulazimisha, na mimi sitasimama katikati yenu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya begi lako, uikute ukiwa umeshafika, mbali, mahali ambapo sitaona uso wako. Nimeiandika nusu nzima nikiwa na nia hiyo. Lakini hiyo ingekuwa ile ile chai niliyokunywa. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, kabla ya magharibi, wakati bado kuna mwanga wa kusomea.

Sikuombi unisamehe kwa haraka kwa sababu kesho kuna safari. Ninachokuomba ni uamini kumbukumbu yako. Ulikumbuka sawa. Ulikuja kwangu ukiwa na machozi, ukaniuliza umwambie nini, na mimi nikakuambia.

Nitakuwa nje ukutani, upande wenye kivuli. Ukimaliza kusoma, toka uniambie lolote lililo moyoni mwako, kwa sauti yoyote, na hata majirani wakisikia, waache wasikie. Na kama hutatoka, nitaelewa, na nitaendelea kukaa hapo mpaka adhana.

Aabo yako